Radhi Niliyoiomba Faraghani

Mwanangu, siku ninayoikumbuka ni Alhamisi, tarehe 5 Julai 1984, wiki ya Idi, tulipokusanyika Muyeye kuchagua mchele wa harusi. Nilitaka kuwachekesha wanawake. Nikasema Zuhura, shoga yangu tangu utotoni na somo aliyewafunda mabiharusi, hutoa nje siri za wari wake. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na wivu, maana alikuwa amemchagua mwingine kuwa msaidizi wake.

"Wallahi?" mmoja akauliza.

"Muulizeni mwenyewe," nikajibu, nikaendelea kupeta.

Hawakumuuliza. Kufikia Septemba hapakuwa na mama aliyempelekea binti.

Mjomba wangu, karani mstaafu wa mahakama, akaniita. "Umemkashifu mtu."

"Sikumtukana, mjomba. Hata hakuwapo!"

"Ndilo kosa lenyewe. Ungemwambia peke yake, lingekuwa tusi. Kashfa ni uongo unaowafikia wengine ukamshusha mtu hadhi. Sheria haiulizi kama ulikuwa ukicheka."

Nikaenda kwa Zuhura alasiri ile, nikapitia mlango wa uani nisionekane. Alikuwa akisaga liwa, msandali wa kujipaka. Nikamwomba radhi. Hakuinua uso.

"Uliponivua nguo palikuwa na wangapi?"

"Yapata ishirini."

"Basi kawaambie hao ishirini. Mimi najua ni uongo. Waniambia mimi wa nini?"

Nilikuwa nimeanza kufundisha kisomo cha watu wazima, na majirani walikwisha kuniita mwalimu. Kiburi kikaniziba kinywa. Nikasema kesho, na kesho ikawa miaka. Zuhura akahamia Mambrui kudarizi kofia, asifunde mwari tena.

Mume wangu alifariki tarehe 9 Novemba 1989. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na kila hodi nilidhani ni ya Zuhura. Walikuja wengi, Mungu awalipe, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyenijua kabla sijaolewa.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Ukijikwaa, usingoje barua ya wakili. Uongo ulioutangaza mbele za watu, ukanushe mbele za watu hao hao, siku ileile, hata uso ukuwake kwa haya. Radhi ya faraghani haitakasi jina lililochafuliwa hadharani.

Mola akujaalie ulimi mzito wa kutuhumu, mwepesi wa kukiri.