Landrova ya Damiano Yachemka Karibu na Makambako

Baridi ya Juni kule Njombe humfanya hata jogoo afikiri mara mbili kabla ya kuwika, lakini haikuizuia Landrova ya mzee Damiano kuchemka. Mara ya kwanza ilichemka yeye na mkewe hawajafika mbali na kijiji cha Yakobi. Akaegesha, akangoja, akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akamimina dumu zima la maji. Walipokaribia Makambako, ikachemka tena. Saa nne hiyo, na madaktari wa macho waliokuja hospitali ya Ilembula walikuwa wametangaza: mwisho wa kupokea wagonjwa ni leo, saa sita mchana.

Mkewe, Oktavia, alikaa ndani ya gari amejifunika blanketi. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Mwaka wa pili huu dunia kwake ilikuwa ukungu mtupu. Basi alilikataa tangu jana.

"Kwenye basi siwaoni wanaonikanyaga," alisema. "Nitamgombeza nani?"

Damiano alikuwa na miaka sabini na moja, gari hamsini, na hakujua nani kati yao amechoka zaidi. Zamani alikuwa dereva wa misheni. Gari lilipozeeka wakampa. Tangu macho ya mkewe yafifie, yeye ndiye anayepika, anayefua, anayepalilia viazi na anayeamka usiku kumshika mkono hadi chooni. Akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, mgongo ukimuuma, akautazama mvuke.

Bodaboda mmoja akapunguza mwendo. "Kamwene, babu! Chai bado?"

"Imeiva. Lete vikombe," Damiano akajibu bila kuinua kichwa.

"Baba Remmy," Oktavia akaita. "Nasikia harufu ya gunia."

"Gunia gani tena, mama? Viazi si tuliuza vyote?"

"Gunia lililoloa, la moto. Hebu niambie, lile la mbele ya rejeta nani katoa?"

Damiano akainama mbele ya gari.

Miaka thelathini, kila asubuhi ya baridi, Oktavia ndiye aliyechomeka gunia mbele ya rejeta ili injini ipate joto upesi, na ndiye aliyelichomoa kabla gari halijatoka uani. Alfajiri ya leo Damiano alilichomeka mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Kulichomoa hakukuwahi kuwa kazi yake, hata hakukumbuka kwamba kuna kazi hiyo.

Akalivuta. Likatoka linafuka.

"Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Dereva wa misheni!" Oktavia akacheka mpaka blanketi likamdondoka.

Damiano naye alitaka kucheka, ila kicheko kinataka nguvu. Alingoja injini ipoe, akamalizia maji ya dumu la pili, akawasha. Safari hii mshale wa joto ulitulia mpaka Ilembula.

Walifika saa sita kasorobo. Jina la Oktavia likaandikwa la mwisho kabisa kwenye orodha. Alipoitwa, muuguzi aitwaye Tabea akageukia benchi.

"Babu, unamsindikiza bibi?"

Damiano alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi, vidole vyeusi kwa grisi.

"Anakoroma?" Oktavia akauliza.

"Sana, bibi."

"Basi mwache, mwanangu. Nishike mkono wewe."

Wakaingia.