Kliniki ya Vijana Ijumaa Asubuhi

Kliniki ya vijana katika zahanati yetu kule Karungu ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Aliyepanga hivyo sijui alidhani wanafunzi huwa wapi saa hizo. Isitoshe, wachache waliofika waliketi benchi moja na kina mama wajawazito, majirani zao na shangazi zao, kila mmoja akitaka kujua binti wa fulani amefuata nini.

Nilikuwa nesi mgeni. Ijumaa moja alikuja msichana wa kidato cha pili, sare ya shule ameifunika kwa leso. Akamwambia sista mkuu, kwa sauti ya chini, kwamba anataka dawa ya kupanga uzazi.

"Mume wako yuko wapi?" sista mkuu akamuuliza, mlango ukiwa wazi.

"Sina."

"Sasa unapanga uzazi wa nani? Rudi na mama yako."

Benchi lote likacheka. Msichana akatoka. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya sindano, nikanyamaza, na mpaka leo najikasirikia kwa kunyamaza huko.

Alirudi baada ya miezi mitano, safari hii na mama yake kama alivyoagizwa, na mimba. Sista mkuu akampima tumbo huku akimfokea. "Nyinyi watoto, sisi tuko hapa kila siku. Mbona hamji?"

"Nilikuja," msichana akasema.

Sista mkuu hakumkumbuka. Akajaza kadi, akaita mwingine.

Hapo uvumilivu uliniishia. Jumatatu nilifuatana na yule mama hadi shuleni, kuomba binti yake asifukuzwe. Mwalimu mkuu alitusikiliza huku akisahihisha madaftari, kisha akasema msichana yule atawaharibu wenzake.

"Na aliyempa mimba yuko darasa gani?" nikauliza.

"Hayo ni mambo mengine, sista."

"Yuko kidato cha nne," mama akasema. "Tumempita sasa hivi, ameketi karibu na dirisha."

Mwalimu aliendelea kusahihisha. Tukarudi mikono mitupu. Msichana alijifungua binti, akamwachia mama yake, akaenda kusoma Rongo kwa shangazi yake. Nilisikia alimaliza.

Kliniki ya vijana ilihamia Jumamosi alasiri, baada ya mimi kuomba mwaka mzima. Sista mkuu alikubali kwa sharti kwamba nitumie siku yangu ya mapumziko. Jumamosi ya kwanza walikuja wawili, wote wavulana, kuuliza kama ni kweli tunaonyesha video. Nikawaketisha, nikafunga mlango, nikawaeleza kila kitu mpaka wakachoka.