Siku Dereva Alipogeuzwa Mchumba Wangu

Wengine wana aibu za kupasukiwa suruali kanisani, yangu mimi ilinikuta nyumbani kwetu Rombo, juu kidogo ya Mkuu, katikati ya migomba ya baba yangu, mbele ya ukoo mzima na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Nikiikumbuka masikio bado yanapata moto, lakini mmeniuliza wenyewe, basi sogezeni viti.

Kwanza mjue nilikuwa nimekaa nyumbani karibu miaka miwili. Niliacha shule kidato cha tano, na si kwa mimba (ndivyo walivyodhani wengi, wakanitazama tumbo mpaka wakachoka), ni kwa ugonjwa. Ulianza kama furaha. Nilikuwa silali, naongea bwenini mpaka asubuhi, nikagawa godoro langu na sketi zangu, kisha nikamfuata mkuu wa shule ofisini kumfundisha namna ya kuendesha shule yake. Halafu furaha ile ikakatika, nikarudishwa nyumbani, nikalala kitandani sioni sababu ya kuoga wala kula. Daktari alituambia ni ugonjwa wa hisia, unapanda na kushuka, na dawa zipo. Shangazi Felista, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki, alimsikiliza daktari kwa makini, akamshukuru sana, na tulipofika nyumbani akawatangazia majirani kwamba ni malaria imepanda kichwani. Ikawa hivyo.

Vidonge viliniinua taratibu, nikaanza kuitamani shule, ila bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na baba alishasema ada ya kuanza upya hana. Ndipo nikasikia kliniki kwamba pale Moshi mjini kuna shirika linasomesha vijana waliokatishwa masomo na magonjwa ya namna yangu. Nikateremka, nikahojiwa, nikapendwa. Likabaki jambo moja tu: wangekuja nyumbani Jumamosi wasikie kwa ndugu zangu nilivyougua, na kama kuna mtu wa kunisimamia na dawa.

"Uwaeleze nyumbani tunakuja kwa ajili gani," aliniambia mwalimu mmoja mstaafu, mkubwa wao.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu, tena kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu.

Nafika nyumbani, namkuta shangazi anamenya ndizi na Mama Festo, jirani yetu. Huyu mwanawe Festo alikuwa Mererani anachimba madini, na mambo yalikuwa yamemnyookea kiasi kwamba hakuwa na nafasi ya kurudi hata Krismasi (Mchaga asiyerudi nyumbani Krismasi, hebu jiulizeni, lakini sisi hatukujiuliza). Sasa mbele ya Mama Festo ningeanzaje kutaja ugonjwa? Nikasema tu, "Shangazi, Jumamosi nina wageni kutoka Moshi."

"Wageni gani?"

"Mtawaona wakija." Na mimi mjinga nikatabasamu nikaangalia chini, kwa aibu ya ugonjwa wangu, lakini shangazi alijua aibu ya aina moja tu kwa msichana wa umri wangu.

Nilikusudia kumweleza tukiwa wawili, ila wiki ile sikumpata peke yake hata mara moja, kila nikitokeza yuko na watu, na kesho yake ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, ziko jikoni. Sikushtuka, maana kwetu hata mtu wa kupima mipaka ya shamba hupewa mbege. Nikamwambia tu kwamba wageni ni watatu, asijisumbue. Akanijibu, "Watatu ndio wa kwanza, wengine hufuata." Hapo ningepaswa kushtuka.

Jumamosi nawaona baba zangu wadogo wanaingia mmoja mmoja na makoti yao ya harusi, shangazi kajifunga kitenge kipya, mbuzi yuko kwenye moto. Gari likafika. Akashuka mwalimu mstaafu na kofia yake, akashuka mama mmoja nesi, na mwisho akashuka dereva, jina lake Elia, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi. Vigelegele vikalipuka. Nesi alitaka kurudi garini. Shangazi akamkagua Elia tangu kichwani mpaka viatuni, akaninong'oneza, "Huyu hapana ubaya. Ila wamekuja mikono mitupu, watu wa mjini hawa!"

Jamani, ndipo nikaelewa. Nikafungua mdomo, lakini binti anayeposwa hakai na wageni, nikasukumwa jikoni na wake za baba zangu wadogo, mlango ukasimamiwa. Yaliyofuata niliyasikia na kuyachungulia kupitia nyufa za mbao, machozi yananitoka, na sio ya moshi peke yake.

Baba mdogo alionja mbege kwanza, kama desturi, kisha kata akaipeleka moja kwa moja kwa dereva, akimruka mwalimu.

"Samahani mzee, mimi naendesha."

"Hanywi!" shangazi akapiga makofi. "Mmemsikia? Hanywi!" Akakatiwa nyama ya kutosha watu wanne.

Mwalimu akakohoa. "Sisi hasa tungependa kusikia kuhusu afya ya binti."

Sasa mkumbuke, hilo ndilo swali la watu wa posa, wao hutaka kujua ukoo una nini kabla hawajaingiza mguu. Shangazi alikuwa amelisubiri wiki nzima. "Afya? Huyu hajui hata aspirini ina rangi gani!"

"Lakini aliacha shule," nesi akasema polepole.

"Alipenda mwenyewe kukaa nyumbani. Mchapakazi!"

"Hajawahi kulazwa?"

"Alazwe kwa lipi? Ukoo huu hauna kifafa, hauna kichaa, ulizeni Rombo nzima."

"Mimi ni jirani yao, mpaka wetu mmoja," Mama Festo akadakia, sauti imewapita wote. "Naapa kwa Bikira Maria, mtoto yule hana hata kikohozi." Baba yangu alikuwa anaangalia mbege yake tu.

Mwalimu akanyanyuka taratibu. "Basi tumshukuru Mungu. Ufadhili wetu ni wa vijana waliougua wakakatishwa shule. Kama huyu ni mzima siku zote, nafasi tutampa mwingine anayesubiri."

"Ufadhili?" Shangazi akamgeukia Elia. "Na huyu je?"

Elia alikuwa na mfupa mkononi. "Mimi nina mke na watoto, mama. Nimeleta gari tu."

Sijui nilimpitaje yule wa mlangoni. Nilitokea uani na masizi usoni, mwiko mkononi, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani kwamba niliumwa, si malaria, akili ndiyo iliumwa, niligawa godoro, nilikaa bila kuoga mpaka nikanuka, daktari bado ananiona, nameza vidonge kila siku, na shule naitaka, msiondoke! Kama ardhi ingefunguka ningeishukuru.

Shangazi akainuka. Nilidhani atanichapa. Akanipita, akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani la isale, akarudi akampa mwalimu kwa mikono miwili. (Kwetu anayekuletea isale amekuja kuomba msamaha, na hakataliwi.)

"Mwalimu, nimekudanganya. Aliumwa. Mimi ndiye nilikuwa namwogesha, namlisha mtori kwa kijiko, akifunga mdomo namwimbia mpaka aufungue. Nilijua mmekuja kuoa. Ningesema, nani angemchukua?"

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Mwalimu akalipokea lile jani. "Na dawa, nani anamsimamia?"

"Mimi. Akimeza namwambia aachame nione."

"Basi, mama," nesi akasema, "hicho ndicho tulichokuja kusikia."

Muhula uliofuata nilikuwa darasani, mkubwa kuliko wenzangu wote, na huku nyumbani likizo nzima naitwa mke wa dereva. Nikaapa kwamba mgeni wangu akija tena, nitatangaza shida inayomleta kabla hajashuka garini, iwe ya aibu au ya heshima.

Ila siwezi kumaliza bila kuwaambia hili. Siku ileile, watu walipotawanyika, nilibaki naosha masufuria. Mama Festo hakuondoka. Akachukua sufuria moja, akalisugua muda mrefu kuliko lilivyokuwa chafu.

"Festo hayuko Mererani," akasema bila kuniangalia. "Yuko chumba cha nyuma. Hataki kutoka, hataki kula. Wale wageni wako watarudi lini?"

Nikamwambia watarudi, ila safari hii tuwaeleze watu mapema wanakuja kwa ajili ya nani. Akalisuuza lile sufuria, akaliinamisha juu ya majani.

"Sawa," akasema. "Mbege nitapika mimi."