Tellervo Aondolewa Saunani kwa Kusema Kweli

Tellervo Karppinen aliondolewa saunani, chumba cha kuogea kwa mvuke, kwa kosa la kusema kweli. Katika makao ya wazee alikofanya kazi, kaskazini mwa Finland, wakuu waliamuru kila mfanyakazi aanze zamu kwa kutia kijiwe bakulini: cha njano mwenye furaha, cha kijivu mwenye huzuni. Tellervo alikuwa amemzika dada yake juzijuzi. Akatia cha kijivu, kila asubuhi.

"Huwezi kuwaogesha wazee na moyo huo," alisema Sinikka, msimamizi. "Utawaambukiza."

"Moyo wangu naujua. Ndiyo maana nauongoza, hauniongozi."

Hakusikilizwa. Kazi akapewa mwenzake, Raili, aliyetia cha njano bila kujiuliza lolote, kisha akawasugua wazee kama masufuria yenye ukoko. Bibi Aune, kipofu aliyezoea kuogeshwa na Tellervo, akakataa kuoga.

"Na wewe nawe, shoga," Raili alimcheka Tellervo, "unaungama kama uko kanisani. Tia cha njano urudi kwa bibi yako. Nani atakupasua kifua achungulie?"

Jumamosi Tellervo akatia cha njano, akaruhusiwa. Alimwaga maji juu ya mawe ya moto, mvuke ukapanda, akamkanda Aune mgongo kwa fungu la matawi laini. Lakini tangu asubuhi alikuwa akiulinda uso wake na kuipima sauti yake. Sasa alijikuta anamchekea mtu asiyeona, na anapiga soga zisizo na kichwa wala miguu.

"Mbona maneno mengi leo?" aliuliza Aune. "Zamani ulikuwa unanyamaza, na mimi nikijua una lako. Nilikuwa nalia kidogo humu, natoka mwepesi. Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, bibi. Nimefurahi tu."

Aune alipapasa kutafuta taulo lake.

"Haya. Basi nirudishe kitandani."

Alirudi nywele hazijaoshwa. Kabla ya Jumamosi nyingine alikuwa amefariki, na neno la mwisho aliloambiwa na Tellervo humo saunani lilikuwa la uongo.

Enyi wakuu wa makao yale, mtu anayeijua huzuni yake si mgonjwa wa kutengwa; wa kuogopwa ni yule asiyejijua. Mrudisheni Tellervo kazini kwake pamoja na huzuni yake, bila kijiwe cha uongo, mbele ya wenzake wote, na mumwombe radhi. Kisha komesheni amri inayomlazimu mfanyakazi kuuza ukweli wa moyo wake ili aruhusiwe kumgusa mzee.