Simu ya Pili kwenye Kisanduku cha Dawa

Pale ofisini tunamwita Bi Mashaka, na jina limemkaa. Kazi yetu ni kukagua programu za simu zinazoendesha vifaa vya nyumbani, kama kufuli, kamera na taa, tuone mwizi anaweza kupenyea wapi. Sisi wengine tukishakagua tunasaini na kwenda zetu. Yeye hata birika la ofisi hulitazama kwa jicho la pembeni.

Wiki ile alipewa kisanduku cha dawa. Kinalia saa ya vidonge ikifika, na kina maiki ili ndugu walio mbali wamuulize mgonjwa kama amemeza. Utaratibu wetu ni kukagua kifaa kipya kimoja na kingine kilichokwisha kutumika. Hicho cha pili hakikumsumbua, maana baba yake anacho, na wanaishi nyumba moja. Akaingia kwenye akaunti ya mzee, akaanza.

Siku ya pili alinivuta mkono. "Hebu njoo uone. Sauti ya chumba cha baba inakwenda kwenye simu mbili. Moja yangu. Ya pili ya nani?"

"Labda ile simu yako ya zamani."

"Ya zamani si ilitumbukia chooni, ukanicheka wiki nzima?"

Akabadilisha neno la siri. Kesho yake asubuhi, saa moja na nusu, simu ya pili ikasikiliza tena. Akamshuku jirani, akamshuku fundi wa intaneti, na mchana mmoja akanikodolea macho mimi mpaka chakula kikanishinda. Nilikasirika, sifichi. Lakini hata mimi sikuelewa: kufuli limebadilishwa, na mtu bado yumo ndani.

Alhamisi akaliona kosa. Neno la siri likibadilishwa, programu huwazuia wanaoingia upya tu. Simu iliyokwisha kuingia zamani haiitoi. Akachimbua jina la simu ile. Ilikuwa imeandikwa Kitinda Mimba.

Ni mdogo wake wa kiume, mtoto wa mwisho, na ndiye aliyemnunulia mzee kisanduku. Miaka miwili iliyopita aligombana na baba, mzee akamfukuza na kuamuru neno la siri libadilishwe. Tangu hapo hawasemezani.

"Nikiandika hili kwenye ripoti, wenye programu wataziba, na mdogo wangu hatamsikia baba tena," aliniambia. "Nisipoandika, kuna wagonjwa huko wanasikilizwa na watu ambao wao wenyewe wamewakimbia. Nifanyeje?"

Alimpigia mdogo wake, akaweka spika ili nami nisikie.

"Ni wewe unayemsikiliza baba?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Wataifunga. Lazima niandike. Mpigie mwenyewe."

"Atapokea?"

"Sijui, mdogo wangu. Leo sijui chochote."

"Basi nikuulize kabla hawajafunga. Kwa kile kikohozi, mmempeleka hospitali?"

"Kikohozi gani?"

"Cha asubuhi, ukishatoka kwenda kazini. Wiki ya tatu hii. Jana alikohoa mpaka akaanza kukuita wewe."

Bi Mashaka alinigeukia kana kwamba mimi ndiye ningejua. Kisha akaandika ripoti, akaiwekea alama ya hatari kubwa, akaituma, akachukua mkoba na kuondoka bila kuzima kompyuta.