Siku Mama Alipopanda Juu ya Mabati

Juzi fundi aliyekuja kusafisha gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, za nyumba tunayopanga hapa Kambu alitupa fungu la majani yaliyooza karibu na mlango wa jikoni. Harufu yake, kama majani ya chai yaliyosahaulika kwenye birika na kuchanganyika na kinyesi cha ndege, ilinikuta nikikaanga vitunguu. Nilizima jiko, nikatoka, nikasimama tu. Fundi alidhani nimekasirika, akaniomba msamaha. Yeye nilimlipa, akaenda. Ninyi nitawaambia.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Kathonzweni. Baba aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, akaiinua kuliko zote za jirani kwa sababu hakupenda joto, na watu wakamtania kwamba anajenga kanisa. Kando yake alipanda mti wa mukau, akisema siku moja utakuwa mbao za kitanda changu nikiolewa. Mti huo ulikuwa na tabia mbaya. Kiangazi chote uliangusha majani na matunda yake magumu juu ya mabati, na yote yakaishia kwenye gata. Kila mwaka kabla ya mvua ya Novemba baba alipanda na ufagio akatoa uchafu wote, ili maji yashuke safi kwenye tangi alilochimba ardhini. Sisi tuliozoea kufukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji tulijua maana ya gata chafu. Ni kunywa mavi ya ndege hadi Machi.

Baba alifariki mdogo wangu Muuo akiwa bado tumboni. Kiangazi kilichofuata hakuna aliyepanda. Nyasi ziliota ndani ya gata, zikawa kitu pekee cha kijani katika boma zima, na mbuzi walizitazama kutoka chini kama watoto wanavyotazama mandazi ya dukani. Mama alimwomba baba mkubwa, Kilonzo, kaka yake baba, aje azisafishe. Kilonzo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya upole, na kila Jumapili alisema atakuja. Mama akataka kumwita kibarua. Susu, nyanya yetu aliyemzaa baba, akakataa, akasema mtu wa nje hatapanda juu ya nyumba ya mwanawe. Kwamba mama angepanda mwenyewe halikuzungumzwa hata kidogo, maana mwanamke kukanyaga paa la mumewe kwao lilikuwa jambo la aibu.

Mawingu ya kwanza yalipoonekana upande wa Kitui, mama aliacha kuomba. Alimnyonyesha Muuo, akamwacha amelala kwa Susu, akavaa suruali ya kazi ya baba na shati lake, akakaza kiuno kwa kamba ya katani. Nilishika ngazi hadi akafika juu, kisha akanituma niwafukuze mbuzi waliokuwa wamesikia harufu ya nyasi.

Alifanya kazi vizuri. Nyasi zilidondoka na mizizi yake, majani meusi yakaanguka kwa mafungu, na mimi nikayakusanya kwa reki nikicheka kwa sababu mengine yalimwangukia jogoo. Alikuwa akimalizia upande wa mwisho baba mkubwa alipoingia bomani. Hakusalimia. Aliichukua ngazi, akaibeba hadi kivulini, akailaza chini na kuikalia kama benchi.

Nilidhani anatania. Hata mama alidhani hivyo, kwa maana alicheka kidogo akamwambia amemaliza, arudishe ngazi. Baba mkubwa akatoa simu, akapiga hapa na pale, akiwaalika watu kwa ile sauti yake ya kanisani. Walikuja, wanaume na wanawake wa kwaya waliokuwa wakitoka mazoezini. Waliokuja mapema aliwasogezea nafasi kwenye ngazi wakae.

Nilikimbia kwa jirani yetu Mzee Musembi, aliyekuwa na ngazi nzuri ya mabomba. Alikuwa akivaa viatu. Aliniambia kwamba mambo ya boma la watu yeye haingilii. Baadaye nilimwona amefika kwetu, mikono mitupu.

Mabati ya saa nane hukaanga yai. Mama alikuwa na ndala tu, akisimama kwa mguu huu na kubadilisha kwa ule, akikanyaga mahali penye misumari ili asiteleze. Chini yake kulikuwa na mawe baba aliyoyapanga kuzunguka msingi, na mama alikuwa na mshono wa upasuaji aliofanyiwa alipojifungua. Hakuweza kuruka. Baba mkubwa alimsubiri achoke, kisha akauliza, akimwita kwa jina langu, bila haraka, kila mtu asikie.

"Mama Mwende, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni ya Baba Mwende."

"Baba Mwende tulimzika."

"Basi ni ya watoto wake."

Baba mkubwa akaendelea kuikalia ngazi. Mtu mmoja alisema kitu kuhusu suruali, wanaume wakacheka. Mama alianza kufagia tena mahali alipokwisha kufagia. Alifagia bati moja, akalirudia.

Ndipo Susu akatoka nyumbani kwake na Muuo mikononi. Mtoto alikuwa ameamka na njaa, analia mpaka anakosa pumzi. Susu hakukaa kivulini. Alileta kigoda hadi chini ya ukingo wa paa, juani, akaketi na kumpakata mtoto uso ukielekea juu. Nilifurahi. Nilidhani amemleta ili mama amwone.

Mama aliacha kufagia. Kwenye shati la baba yakatokea madoa mawili kifuani, yakapanuka hadi yakakutana. Nilidhani ni jasho. Miaka mingi baadaye, binti yangu wa kwanza alipolia chumba cha pili na blauzi yangu ikalowa kabla sijamfikia, niliketi kitandani nikajua lile halikuwa jasho. Wanawake wote waliokuwa pale bomani walikuwa wamezaa. Walijua wanachokitazama.

Baba mkubwa aliuliza tena. Mama alimtazama Muuo, hakumtazama yeye.

"Ni yenu," akasema. "Nyumba ni yenu. Nipeni mtoto."

"Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Alisema kwa sauti. Waliokalia ngazi wakainuka, ikarudishwa, na baba mkubwa mwenyewe akaishikilia asianguke. Mama alishuka, akamchukua Muuo kwa Susu, akaingia ndani. Nyayo zake zilitoka malengelenge. Watu wa kwaya waliagana kwa kupeana mikono, kama kawaida yao.

Jambo lilifika kwa naibu wa chifu, mama mwenyewe ndiye aliyelipeleka. Waliokuwepo siku ile waliitwa, wakaja, akaulizwa mmoja baada ya mwingine kama walimsikia mama akisema nyumba ni ya kina Kilonzo. Mzee Musembi alivua kofia kabla ya kujibu. Mama alipoulizwa, alisema ndiyo, alisema maneno hayo, na alipotaka kuendelea akaambiwa inatosha. Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo. Tangi lilijaa maji safi, na walioyanywa ni wao. Sisi tulikuwa tumeshahamia Kambu, ambako mama aliuza ndengu na nyanya kando ya barabara kuu mpaka sisi wawili tukamaliza shule.

Kwa miaka mingi niliamini baba mkubwa aliwaita watu wale waje wamcheke mama. Nilimchukia kwa hilo, na naye mama nilimchukia kidogo, kwamba alishindwa kuvumilia kucheka kwa watu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kicheko kilikuwa chao wenyewe, hakuna aliyewaagiza. Yeye alikuwa ameita mashahidi. Na mbele ya naibu wa chifu hakuna aliyedanganya hata mmoja. Waliulizwa kama mama aliyasema maneno yale, wakajibu kweli. Hakuna aliyewauliza mama alikuwa wapi alipoyasema.