Kipimo cha Bunduki ya Kheiria

Kheiria wa Sib alikuwa mfupi, akikaa kitini miguu haigusi chini, lakini akimwita mtu nyumbani kwake Sib, watu wa mtaa wa mbali wa Ghubra wanaitika. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati bado kijana na mumewe Harub. Harub alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Azzam, na bunduki ya kizamani iliyokuwa ikipigwa kila arusi ya ukoo, wanaume wakicheza razha na panga zao. Risasi yenyewe haimo. Ganda la shaba hujazwa baruti, likazibwa kwa karatasi, likapigwa, likaokotwa, likajazwa tena. Harub akijaza mwenyewe, na hakumfundisha mtu.

Mwaka wa tisini na saba Azzam akaposa msichana wa mji wa Bawshar. Thabit, nduguye Harub, akaja kunywa kahawa.

"Bunduki nipe mimi," akasema. "Mjane na baruti wapi na wapi. Nitaijaza, nitaipiga, ikae kwangu."

Sote tulijua ikikaa kwake hairudi. Feni ya Harub aliiazima kwa siku mbili, mpaka leo inampepea.

"Kunywa kahawa, shemegi," Kheiria akamjibu. "Bunduki nnaijaza mwenyewe."

Sasa kipimo. Baruti ikipungua, bunduki inakohoa na wakwe wanacheka. Ikizidi, inapasuka usoni mwa anayeipiga, na mpigaji ni Azzam.

Akaanza kuuliza, na mie, mwanamke wa nyumba ya pili, nyuma yake, maana jambo kama lile siliachi linipite. Saeed jirani akasema ajaze mpaka mdomoni. Msellem wa sokoni akasema nusu finjani, na mkono wake ukionyesha finjani kubwa kama beseni. Thabit akasema kijiko cha kujaa, tena asiogope. Hapana hata mmoja aliyeuliza ni bunduki gani, wala baruti gani.

Kheiria akawapa wote jibu moja: "Ahsante, baba. Basi Ijumaa njoo uipige wewe ya mwanzo, kwa kipimo chako."

Saeed akakumbuka ana safari ya Sohar. Msellem akashikwa na kiuno. Thabit akakohoa mpaka mtende wa uani ukaangusha tende zote. Haya, si zote, lakini zilianguka.

Jioni akaja Bakhita, mke wa Thabit, kuchukua sufuria yake.

"Mama Azzam, nasikia unatafuta kipimo. Bunduki yenyewe ya namna gani?"

Kheiria akaweka finjani chini. Akaenda kuileta. Bakhita akatazama ganda, akasugua baruti kidoleni, akainusa.

"Bunduki ni ndugu na ile yetu, na baruti ndiyo hii hii. Mie hupimia kastabini yangu ya kushonea. Lakini yako imezeeka zaidi, na mie siijui. Tuanze na nusu, tuitazame, tuongeze kidogo kidogo."

"Wewe hupimia? Si Thabit anayejaza?"

"Thabit anapiga. Miaka yote najaza mie, yeye kalala."

"Na ya kwanza utaipiga wewe?"

"Kwanza tutaifunga kwenye tairi, tuvute kamba tuko nyuma ya ukuta. Ikitulia, naipiga mie."

Tukaenda nayo wadini, kwenye mto mkavu, wanawake watatu na tairi bovu. Ya mwanzo ikapiga chafya. Tukaongeza. Ikakohoa. Tukaongeza tena, ikalia vizuri, chuma kizima. Bakhita akaiweka begani, akaipiga, na mbuzi mmoja wa Bawshar, wallahi, hakula majani mpaka Mfungo Mosi.

Siku ya arusi Thabit akanyoosha mkono mbele ya wakwe.

"Lete nipige mie, mkubwa wa ukoo."

"Karibu, shemegi," Kheiria akasema, akamtolea ganda. "Hili nimekujazia wewe. Kijiko cha kujaa, kama ulivyosema."

Ganda lilikuwa na unga wa ngano, nilishika kijiko mie. Thabit alilitazama, akatazama watu, akafuta kipaji cha uso.

"Arusi ni ya kijana," akasema. "Apige kijana."

Azzam akapiga kwa kipimo cha kastabini ya Bakhita, na wakwe wakaomba irudiwe. Usiku ule bunduki ilirudi ukutani kwa Kheiria.

Kesho yake, kabla ya chai, tulikwenda kudai feni.